Una giornata particolare: diski ya euro 6 iliyonikalisha jikoni kwa Antonietta

Diski hii ya filamu ya Kiitaliano, ambayo jina lake ni kama kusema "siku ya pekee", niliinunua Porta Portese, soko la Jumapili hapa Roma, kwa euro 6. Kabla yake nilikuwa nimenunua nyingine kwa mtu mwingine, nikafika nayo nyumbani nikakuta waigizaji wote wamewekewa sauti za Kiingereza, midomo inakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Niliitoa baada ya dakika 10. Kwa hiyo neno la kwanza kwa anayetaka kununua: hakikisha sauti ni ya Kiitaliano chenyewe na maandishi ya chini yapo. Mimi niliyahitaji kwa sababu Signora ninayemtunza masikio yake yamechoka, na Kiitaliano changu mimi ni cha jikoni, dukani na hospitali. Kiitaliano cha mwaka 1938 kinanipita.

Huu ni mwaka wangu wa 14 kutunza wazee hapa. Kwetu ni Tanga, Ngamiani. Nyumba ninayofanya kazi iko karibu na Piazza Bologna, na Signora ameishi mitaa hiyohiyo tangu utoto. Amepita miaka 90. Siku inayosimuliwa na filamu hii, tarehe 6 Mei 1938, alikuwa na miaka 6. Alivalishwa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, akatoka na baba yake na kaka zake kwenda kumwona Hitler akipita pamoja na Mussolini, mtawala wa Italia wakati ule. Mama yake alibaki nyumbani. Nilimuuliza, mama alibaki kufanya nini? Akashangaa swali lenyewe. "Binti yangu, si alikuwa na kazi," akasema.

Mama aliyebaki kwa sababu ana kazi. Hilo ndilo mwongozaji Ettore Scola alilolichukua mwaka 1977 akalitengenezea filamu nzima.

Mama wa kwenye filamu anaitwa Antonietta, na anayemcheza ni Sophia Loren. Ana watoto 6 na mume, Emanuele, mfashisti, yaani mfuasi wa chama cha Mussolini, wa moyoni kabisa. Asubuhi na mapema anawaamsha wote, anawavisha, anawatoa, na jengo zima linamwagika ngazini kuelekea kwenye gwaride. Wanabaki watu watatu: yeye, bawabu wa kike na redio yake, na mwanamume mmoja upande wa pili wa ua, Gabriele, anayechezwa na Marcello Mastroianni. Antonietta ana ndege, maina, wale wanaoiga maneno ya watu, jina lake Rosmunda. Ndege anatoroka, anatua karibu na dirisha la Gabriele, na Antonietta anakwenda kugonga mlango aombe msaada wa kumkamata. Hajui kwamba mwenye nyumba ana bastola karibu na alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu wake. Hajui kwamba alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa, EIAR, akafukuzwa kwa kuwa anapenda wanaume. Hajui kwamba siku hiyohiyo watu watakuja kumchukua wampeleke kisiwa cha Sardinia.

Kisa chenyewe ni hicho. Hakuna anayepigwa risasi, hakuna vita. Ukiziacha picha za zamani za mwanzoni, kamera haitoki kwenye jengo.

Mimi filamu naitazama kwa mikono. Nimefua, nimepiga pasi na kukunja nguo za watu miaka hii yote, na mwigizaji anayejifanya kufanya kazi namjua mara moja: anashika kitambaa kama kitamuuma. Loren hafanyi hivyo. Pale mwanzoni kamera inapanda ukuta wa jengo kutoka uani, inaingia kwa dirishani, na inamfuata chumba hadi chumba akiamsha watoto, bila kukatwa. Kila mtoto ana shida yake, kila shida inaishia mikononi mwake, na hakuna anayemsalimia. Nilihesabu mara ya pili nilipoitazama: hakuna hata mmoja aliyemwambia asante. Wanapoondoka, nyumba inabaki kama kiwanja cha mnada kilichokwisha. Anakaa. Amevaa gauni la nyumbani lililochakaa na soksi ndefu zilizotatuka. Mwanamke ambaye dunia nzima ilikuwa inajua uzuri wake amekaa pale na uchovu wa kweli usoni, na sikumtazama kama nyota hata kidogo. Nilitaka tu kuinuka nimsaidie vyombo.

Wapo watakaosema Loren ni mzuri mno kwa nafasi hii. Mimi sikubaliani nao. Wanawake wazuri wamejaa jikoni, hakuna aliyewahi kuwatazama tu. Kuna mahali Antonietta anajitazama kwenye kioo na kujiwekea kikunjo cha nywele kwenye paji la uso kabla ya kumkaribisha huyo jirani. Sekunde chache. Signora aliniambia nisimamishe pale, akakaa kimya muda mrefu.

Sasa redio. Kama kuna kitu kimoja ambacho mtu asikipunguze sauti, ni redio ya bawabu. Inaanza asubuhi na haizimwi. Ni matangazo ya siku ile: nyimbo za kijeshi, vigelegele vya umati, mtangazaji anayetaja kila kikosi kinachopita. Sauti inapanda uani, inaingia kwa Antonietta, inaingia kwa Gabriele, inawakuta darini kwenye kamba za nguo. Wanaongea mambo ya siri kabisa ya maisha yao na huku nyuma askari wanapita kwa maelfu. Kwetu redio ilikuwa ya baba. Yeye ndiye aliyegusa kifundo, sisi tulisikia alichotaka kusikia yeye. Kwa hiyo naelewa nyumba ambayo sauti moja ina haki ya kuzungumza. Na kwa Gabriele ni mbaya zaidi: hiyo ilikuwa kazi yake. Amefukuzwa kwenye sauti ileile inayomfuata hadi chumbani kwake.

Filamu inaanza na kama dakika 6 za picha za kweli za wakati ule: treni la Hitler, stesheni, bendera. Mara ya kwanza niliona zimezidi, nikawa nachezacheza na rimoti. Msizirushe. Ukishaziona, saa nzima inayofuata unajua huko nje kuna nini bila kuonyeshwa tena.

Antonietta mwenyewe anampenda Mussolini, na hili Scola halifichi wala halilainishi. Ana albamu ya picha zake, amezibandika kwa uangalifu. Ana hata picha ya uso wake iliyotengenezwa kwa vifungo. Anamsimulia Gabriele alivyomwona siku moja kwenye bustani ya Villa Borghese akipita juu ya farasi, macho yakakutana, akazimia. Gabriele anafunua albamu na kusoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa chini ya picha moja: kwamba kipaji kikubwa cha akili hakipatani na umbile la mwanamke, ni cha mwanamume peke yake. Anamuuliza kama anakubali. Antonietta anajibu kwamba anakubali, ndivyo ilivyo. Anasema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Hapo ndipo filamu ilinishika koo. Kwa sababu hakulazimishwa kuyabandika maneno yale. Aliyakata, akayapaka gundi, akayahifadhi kwenye kitu pekee ndani ya nyumba ile ambacho ni chake.

Ukitaka kujua maneno yale yalikuwa na uzito gani nje ya albamu, angalia sheria za wakati huo. Kuanzia mwaka 1927 mwanamume asiyeoa, wa miaka 25 hadi 65, alilipa kodi ya useja. Gabriele anaitaja kodi hiyo na kusema ni kana kwamba upweke ni mali. Mwaka 1928 ikatoka sheria ya kumsamehe kodi mtumishi wa serikali mwenye watoto 7, na wengine wakifika 10. Sasa mnaelewa kwa nini kwa Antonietta mtoto wa saba anazungumzwa kama mpango wa familia, na kwa nini mwisho wa siku mume anarudi kutoka kwenye gwaride akiwa na hamu, na jina la mtoto ameshalichagua: Adolfo. Miezi michache baada ya siku ile, Septemba 1938, amri ya serikali ikasema wanawake wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi wa maofisini. Na sheria ya jinai ya mwaka 1930 ilimpa mwanamume aliyemuua mke, binti au dada yake kwa ajili ya heshima ya familia kifungo cha miaka 3 hadi 7. Kifungu hicho kilikaa mpaka mwaka 1981. Filamu ilipotoka, kilikuwa bado kipo.

Kwa watu kama Gabriele mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sheria hiyohiyo ya jinai haikuwataja. Rasimu yake ya mwanzo ilikuwa na kifungu cha kuwaadhibu, kikaondolewa kwa hoja kwamba uovu huo haujaenea Italia kiasi cha kuhitaji sheria. Kisha polisi wakawa wanawachukua bila kesi na kuwapeleka visiwani au vijiji vya mbali. Mwaka 1939 wanaume 45 wa mji wa Catania walipelekwa kisiwa cha San Domino peke yao, kwa kosa hilo tu. Mtu asiyetajwa popote anaweza kuchukuliwa mchana kweupe, wala jirani hana la kuuliza.

Gabriele anaeleza mwenyewe kilichompata, kwa maneno machache kuliko yangu: mwanamume anatakiwa awe mume, baba na askari, na yeye si mume, si baba, si askari. Mastroianni anayasema bila kupandisha sauti. Huyu alikuwa amezoeleka kama mpenzi wa wanawake kwenye sinema ya Italia, yeye na Loren walikuwa wameshacheza wapenzi mara nyingi, na Scola amewachukua hao wawili makusudi. Mastroianni aliteuliwa kwa tuzo ya Oscar kwa kazi hii na hakuipata.

Darini ndiko filamu inakofika kileleni. Antonietta amepanda kuanua nguo, Gabriele anamfuata. Wanakunja mashuka pamoja, kila mmoja amekamata ncha, wanakaribiana na kuachana. Bawabu ameshamwonya kwamba huyo mtu si mwema, ni mpinzani wa utawala. Gabriele kwa utani anamfunika kwa shuka kutoka nyuma. Antonietta anamgeukia kwa hasira kwamba wanaume wote ni sawa, hawana wanachotaka ila kimoja. Na hapohapo anamkumbatia na kumbusu yeye. Gabriele anasimama kama mti. Anamwambia ukweli. Anapigwa kofi. Kisha anashuka ngazi akipiga kelele, anajitaja mwenyewe kwa yale matusi ambayo watu humtaja nayo kwa kunong'ona, jengo zima tupu likirudisha mwangwi.

Hapa nisimame kidogo. Nimesoma watu wanasema Antonietta anaanguka kwenye mapenzi. Mimi sikuona hivyo. Nilimwona mtu ambaye tangu aolewe hajawahi kuguswa kwa mchezo, na hajui jina la kitu kinachompata, kwa hiyo anakipa jina pekee analolijua. Baadaye anapomrudia na kuomba radhi, Gabriele anampikia kimanda cha mayai. Mwanamume anapika, mwanamke amekaa mezani anangoja. Nadhani kile kimanda ndicho tendo la mapenzi la filamu hii. Kinachofuata kitandani, mimi ningekiondoa. Ni kizuri, kimechezwa kwa huruma, na Gabriele anasema waziwazi kwamba hakibadilishi alivyo. Lakini kinawapa watazamaji kitu walichokingoja, na filamu hii saa nzima ilikuwa imekataa kuwapa. Signora hakukubaliana nami. Alisema, "Muache na chake hata mara moja." Sikuwa na la kumjibu.

Antonietta anaona haya kwa kutojua mambo. Mumewe ana mwanamke mwingine, mwalimu wa shule, na barua za huyo mwanamke zimeandikwa vizuri. Kinachomuuma zaidi ya usaliti ni ile mwandiko mzuri. Anamwambia Gabriele kwamba mtu asiyejua kitu unaweza kumfanyia lolote, maana hapewi heshima. Gabriele anampa kitabu, The Three Musketeers kwa Kiitaliano. Sitasimulia mwisho wote, ila nitasema kitabu kinafunguliwa kabla taa hazijazimwa.

Tulipofika kwenye mazungumzo ya pete, sikuyatafuta mimi. Signora aliyaanza filamu ilipokwisha. Alinituma kabatini nikamletea boksi la shanga, akatoa pete ya chuma, nyeusi, nyepesi kama ya kuchezea. Ilikuwa ya mama yake. Tarehe 18 Desemba 1935 wanawake wa Italia waliitwa watoe pete zao za ndoa za dhahabu kwa ajili ya taifa, malkia akatangulia kutoa yake pale Roma, na wakapewa za chuma badala yake. Dhahabu hiyo ilikuwa ya vita vya Ethiopia. Nilikaa na ile pete kiganjani. Mke wa Roma alivuliwa pete yake ili mwanamume wa Roma akaue watu wa upande wetu wa Afrika, na wote waliambiwa ndio wajibu: yeye kutoa, mume kwenda. Miaka miwili na siku moja kabla ya siku ya filamu, tarehe 5 Mei 1936, askari wa Italia waliingia Addis Ababa. Filamu haionyeshi Afrika, na hilo nalihesabu kama upungufu, maana wale wanaoshangilia redioni wanashangilia himaya. Lakini mwenye sikio atasikia.

Kuna jambo jingine la kifamilia ndani yake. Mmoja wa mabinti wa Antonietta anachezwa na Alessandra Mussolini, mjukuu wa Benito Mussolini mwenyewe, ambaye pia ni mtoto wa dada yake Loren. Alikuwa na miaka 14. Mjukuu amevaa sare ya babu yake, anaondoka na wengine kwenda kwenye gwaride, na shangazi zetu wangesema damu imekuja kushuhudia.

Anayetaka kusoma baada ya kutazama, mwandishi wa Uingereza Virginia Woolf alitoa kitabu London Juni 1938, mwezi mmoja baada ya siku ile, kinaitwa Three Guineas. Humo anasema udikteta wa kule nje na ubabe wa baba nyumbani ni kitu kimoja. Nilikisoma polepole, si chepesi. Ukitoka jikoni kwa Antonietta kinakaa vizuri zaidi.

Kuhusu diski yenyewe. Rangi zimefifia, kahawia na kijivu, kama picha iliyoachwa juani. Msiirudishe dukani, ndivyo ilivyopigwa na Pasqualino De Santis, kwa makusudi. Kuna toleo lililosafishwa mwaka 2014 na ndilo hili langu. Maandishi ya chini ya Kiitaliano ni mazuri ila yanaruka baadhi ya maneno ya redio, na kwangu hilo ni kosa kubwa, maana asiyesikia vizuri anapoteza nusu ya filamu. Niliishia kumsomea Signora mwenyewe nilichosikia, mdomo karibu na sikio lake. Maandishi ya Kiswahili hamna. Urefu ni saa 1 na dakika 45 hivi. Watoto wadogo hapana. Wa sekondari, mtazame nao. Naipa nyota nne na nusu, nusu nimeizuia kwa ajili ya maandishi ya redio.

Jengo lipo. Ni Palazzo Federici, barabara ya XXI Aprile, kwa mguu ni karibu na kwetu. Kubwa kama mtaa, ngazi zake za vioo zinaonekana kutoka mbali. Alhamisi moja, siku yangu ya mapumziko mchana, nilikwenda nikasimama uani. Madirisha ni mengi kuliko kwenye filamu. Mama mmoja wa makamo alikuwa anaanika mashuka ghorofa ya tatu au ya nne, redio inaimba ndani. Sikupiga picha. Niliporudi Signora aliuliza kama kamba za nguo bado zipo, nikamwambia zipo. Akaomba tuweke tena, ile sehemu ya darini tu.

Diski sasa iko kwa dada mmoja wa Moshi tunayesali naye, ameniambia mumewe ameanza kuitazama naye akaishia katikati, yeye ataimalizia peke yake zamu ya usiku. Nikiona Jumapili hii hajairudisha, nitapita Porta Portese ninunue nyingine.